Njaa ya Mama Mvuke

Mizani ya kliniki haikuwa na adabu. Ilikuwa ya chuma, ya kizamani, ya kusukuma jiwe kwa kidole, na muuguzi aliyeisimamia alilisukuma jiwe lile polepole, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mama Mvuke alisimama juu yake bila viatu, bila kitambaa cha kichwa, bila hereni. Alikuwa amekwisha kuvua kila kinachovulika mbele za watu.

"Mama, umeongezeka," muuguzi alisema. "Kidogo tu. Nusu kilo."

"Haiwezekani."

"Mimi nasoma tu, mama yangu. Sigawi."

Alishuka, akavaa viatu kimoja kimoja huku ameshika ukuta. Mkononi alikuwa na saa nyeusi ya mpira aliyopewa na bintiye, saa ya kuhesabu hatua na jasho. Aliigeukia kama mtu anayemgeukia shahidi wake mahakamani. Saa ikawaka, ikamwonyesha moto mdogo mwekundu, ikampongeza kwa bidii yake.

Jina la Mama Mvuke alilipata kazini, kwenye dobi kubwa, banda la mabati ambalo mashine zake hunguruma tangu alfajiri zikifua mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari na sare za walinzi. Yeye alikuwa mpiga pasi wa mkono. Mashuka yalipita kwenye mashine ya kuviringisha, lakini mashati, makoti na chochote chenye kola kilikuja mezani kwake. Pasi yake ya mvuke ilining'inizwa kwa waya kutoka darini ili isimchoshe bega. Ilimchosha vilevile. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile kwa miaka mingi kiasi kwamba sakafu ilikuwa imelika pale miguu yake inapokaa, na watu walipotaka kumwona sawasawa walisubiri mvuke upungue.

Alikuwa mnene, na hakuwahi kuuonea unene wake haya. Ulikuja kama wageni wajao kwa zamu, mmoja na uzazi, mwingine na ujane, mwingine na miaka tu, na wote aliwakaribisha. Mpaka daktari wa figo alipowataja.

Ilikuwa hivi. Mdogo wake wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Mziwanda hata alipoota mvi, alikuwa kinyozi mwenye mkono mwepesi. Figo zake zilikufa kimyakimya, bila kupiga hodi, na sasa aliishi kwa mashine ya kusafisha damu. Alikwenda kulazwa kando yake mara kadhaa kwa wiki, na kila mara alirudi amekamuliwa kama shati. Hakuweza tena kusimama nyuma ya kiti cha mteja. Ndugu walipimwa wote, kuona nani angeweza kumtolea figo moja. Kaka mkubwa alikuwa na kisukari. Dada wa katikati damu yake haikukubali. Damu ya Mama Mvuke ilikubali.

"Moyo wako mzuri, mama," daktari wa figo alimwambia. "Figo zako kama za msichana. Lakini kwa uzito huu sikulazi kwenye meza yangu. Nitakuwa namwokoa mmoja kwa kumhatarisha mwingine. Punguza kilo kumi na mbili, na zisirudi. Hapo tutazungumza tarehe." Kisha, alipokuwa amekwisha kusimama kumsindikiza mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mishipa ya ndugu yako inachoka. Usinichukulie mwaka."

Kwa hiyo kilo kumi na mbili zilikuwa zimesimama kati ya Mziwanda na uhai wake, na zote zilikuwa kwenye mwili wa dada yake. Alipolala alizihisi. Alipopanda ngazi alizibeba. Wakati mwingine, akiwa peke yake, aliushika mkunjo wa tumbo lake kwa mikono miwili na kuuangalia tu, akistaajabu kwamba kitu laini namna hii kinaweza kumfungia mtu mlango.

Mtaalamu wa lishe wa hospitali alimpangia chakula chake cha siku, kiasi cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, akamwambia atembee. Naye akatembea. Jioni alipotoka kazini aliiacha njia fupi ya nyuma ya maghala, akapita ile ndefu ya kuzunguka uwanja wa shule na kupanda kilima cha matangi ya maji. Bintiye, aliyekuwa akiuza simu dukani, ndiye aliyemletea saa ile na kumwekea kwenye simu programu ya kuandamana nayo.

"Tazama, Mama. Hiki hapa ndicho kiasi unachoruhusiwa kula. Kalori zako za siku. Sasa ukifanya mazoezi, saa inaona umechoma ngapi, inakuongezea hapa. Unaona palivyoandikwa? *Bado una nafasi ya kula.*"

"Yaani nikitembea, narudishiwa?"

"Ndiyo maana yake. Ukichoma, unakula ulichochoma. Usipokula mwili unashtuka, unaanza kuficha mafuta. Wateja wangu wote wanafanya hivyo."

"Na wamepungua?"

"Mama, mimi nauza simu. Siwapimi wateja kwenye mizani."

Hesabu hiyo ilimpendeza Mama Mvuke kuliko kitu chochote alichosikia tangu siku ya daktari. Jioni, miguu ikimwaka moto, alikaa kwenye kiti cha jikoni na kuuliza simu, nayo simu, siku zote, ilimjibu kwa ukarimu. Ilikuwa ikimpa nafasi ya sahani nyingine nzima. Wakati mwingine ilimpa ya sahani na mkate juu. Akajipakulia. Alikula taratibu, bila kuiba, bila kusimama. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote alipakulia wengine kwanza, akala kilichobaki sufuriani kwa kijiko cha kukorogea, huku mgongo ameuegemeza ukutani. Sasa kulikuwa na chakula ambacho kilikuwa chake kwa haki. Alikuwa amekitolea jasho, na jasho lilikuwa limeandikwa. Huenda hakuna aliyewahi kumpa zawadi iliyomgusa kama neno lile *nafasi*.

Na mizani ikasema nusu kilo juu.

"Shoga, kinachokumaliza ni hesabu za duka la simu," alisema Kasuku siku ya pili yake. Kasuku alikuwa mkunjaji wa mashuka, mwanamke mwembamba asiyefunga mdomo, ambaye meza yake ilikuwa mkabala na ile ya pasi. "Hebu niambie. Mtu anachoma takataka uani. Zikishaungua, anakwenda kwa jirani kuziomba nyingine aje azirudishe palepale?"

"Mwili si uani."

"Wako ni uwanja wa mpira, samahani. Lakini kilichochomwa kimechomwa! Kiache kiende. Mimi nilipotaka kuingia kwenye gauni la harusi ya mdogo wangu nilikula matango wiki nzima. Matango na maji."

"Ukaingia?"

"Kuingia niliingia. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi, walinikata na mkasi."

Wanawake wa meza za jirani wakacheka mpaka msimamizi akainua kichwa. Mama Mvuke naye alicheka, lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuingia. Aliporudisha pasi kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha, alikuwa amekata shauri. Hatarudisha hata punje. Na kama kutorudisha ni kuzuri, aliwaza, basi kupunguza na kile alichopangiwa ni kuzuri zaidi, kwa sababu mishipa ya Mziwanda haitamsubiri mtu anayekwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Akaacha chakula cha jioni. Kisha akaacha nusu ya kile cha mchana. Kilima cha matangi alikipanda mara mbili.

Njaa aliyoijua utotoni ilikuwa ya nyumba nzima. Watoto waliilalia pamoja, wakaizungumza, wakaifanyia mizaha. Hii ilikuwa ya mtu mmoja ndani ya nyumba yenye unga. Ilimkalia begani akiwa mezani kwake. Harufu ya shati lenye joto ilimkumbusha mkate. Jioni alipokwenda kwa Mziwanda, ambaye aliishi vyumba viwili nyuma ya duka lake la kunyoa lililofungwa, shemeji yake aliwaandalia meza, naye akachukua vipande viwili vya kabichi na kuvizungusha kwenye sahani kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Dada, kula bwana," Mziwanda alisema. Alikuwa amevimba chini ya macho. Mbele yake palikuwa na kikombe kidogo cha maji, ambacho kilikuwa ni maji yake ya mpaka kesho. Figo zilizokufa hazimruhusu mtu kunywa atakavyo.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hewa?" Alijaribu kutabasamu. "Tazama tulivyo. Wewe huli, mimi sinywi. Tukikaa hapa hata nzi wanatuonea huruma, wanahamia kwa jirani."

"Waende. Huko kuna mchuzi."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni vibaya. "Dada, mimi sikukuomba hiki kitu. Unajua? Sikukuomba."

"Najua."

"Ukianguka huko kazini nitamwambia nini bintiyo?"

"Utamwambia mama yake alikuwa mbishi. Kunywa maji yako."

Hakunywa. Alilowesha midomo tu, akakirudisha kikombe pale pale. Mama Mvuke aliyatazama maji yale yakitikisika na kutulia, akawaza jinsi alivyombeba mtoto huyu mgongoni wakati yeye mwenyewe hajaota matiti, na jinsi uzito wake ulivyokuwa mwepesi siku zile. Uchovu ulimjia wa namna ambayo usingizi hauuondoi. Alitaka mtu, yeyote, amwambie tu kiasi. Kula hiki. Usile hiki. Asiulizwe tena kuamua.

Alianguka wiki ile ile. Si sana, alisema baadaye kwamba hakuanguka, alikaa chini bila kupanga. Joto lilikuwa limezidi bandani, mashine moja ilikuwa inavuja mvuke, naye alikuwa katikati ya koti la daktari. Kola ilianza kujigawa, ikawa kola mbili, kisha tatu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kitambaa, na wa kulia ukaipeleka pasi pale ambapo kola haikuwapo.

Kasuku ndiye aliyeiwahi pasi. Ndiye pia aliyeshika mkono wake chini ya bomba la maji baridi muda wote, akimtukana kwa mapenzi, huku machozi yanamtoka yeye badala ya mwenye jeraha.

"Nilisema usirudishe! Sikusema ufe! We mwanamke una masikio ya wapi?"

"Ulikula matango wiki nzima."

"Mimi muongo, wewe! Nilikula matango na kila kitu kingine! Nani anaishi kwa tango?"

Msimamizi alimpa mapumziko mpaka ngozi ifunge. Asubuhi ya kwanza ya mapumziko yale, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, alikunywa chai na mkate kwa sababu bintiye alisimama mlangoni na kukataa kwenda kazini mpaka amwone akimeza. Baadaye nyumba ikawa kimya. Hakujua la kufanya na siku iliyokuwa tupu namna ile. Jioni ilipokaribia, kwa mazoea, alivaa saa yake mkono wa kulia kama siku zote, akatoka kutembea. Alikwenda mpaka kwenye lango la dobi, akageuka, akashika njia yake ndefu ya uwanja wa shule na kilima cha matangi. Alitembea yote, bila kukata kona.

Aliporudi alikaa kwenye kiti cha jikoni, akatazama simu.

Mara ya kwanza alidhani imeharibika. Nafasi iliyomwandikia ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Ndizi moja. Pengine ndizi na nusu, kama ndizi zenyewe ni changa. Ilikuwa njia ile ile, kilima kile kile, jasho lile lile lililomgandisha gauni mgongoni. Siku za kazi njia hii ilikuwa ikimpa sahani nzima na mkate.

Hakuwahi kuivaa saa siku isiyo ya kazi. Siku yake ya mapumziko aliiweka kwenye chaji, ikapumzika nayo, kama punda.

Alikaa akiwaza. Kisha akanyanyuka, akaitoa pasi ya nyumbani kabatini, ya baridi, waya wake umefungwa shingoni. Akatandika taulo mezani. Akasimama kama anavyosimama kila siku, miguu imeachana kidogo, akaipitisha pasi kwenye taulo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa mwendo ambao mkono wake ungeweza kuufanya hata ukiwa usingizini. Macho aliyaweka kwenye saa.

Saa ikahesabu hatua. Kila pasi ilipokwenda, hatua. Iliporudi, hatua. Ikaanza kumhimiza aongeze kasi kidogo tu, yuko karibu kufikia lengo. Moto mdogo mwekundu ukawaka.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote hii saa ilikuwa ikipiga chuku, nayo haikuwa na nia mbaya. Iliona mkono unakwenda na kurudi, ikaamini ni mkono wa mtu anayekimbia. Shati kwa shati, koti kwa koti, ilikuwa imemkimbiza kuvuka mito na mipaka, huku nyayo zake zimekaa kwenye sakafu ile ile iliyolika. Na kila jioni alikuwa amekaa mezani akala chakula cha huyo mkimbiaji.

Mama Mvuke aliweka pasi chini, akacheka. Alicheka peke yake jikoni mpaka mkono wenye bendeji ukauma, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akafunika uso kwa taulo. Kilichomliza hakikuwa kilo. Aliona uchungu kwamba kazi ile, iliyomla bega na mgongo, iliyomwondolea kucha na kumpa jina, mwili wake uliichukulia kama jambo la kawaida kabisa. Alidhani hatimaye kuna kitu kimemwona anavyofanya kazi. Kumbe kilimfananisha.

Mtaalamu wa lishe alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kitambi chake cha heshima, ambacho wagonjwa walikitazama bila kusema. Alisikiliza habari yote, ya saa, ya kabichi, ya koti la daktari, bila kumkatiza. Mama Mvuke alipofika kwenye pasi ya baridi na taulo, yeye aliuma midomo, lakini macho yalimsaliti.

"Cheka tu, daktari," Mama Mvuke alisema. "Mimi nimeshacheka."

"Mimi si daktari, mama. Na nikicheka hiki, kesho mwingine ataniletea kituko kingine." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Nilipokupangia chakula nilikuuliza kazi yako, unakumbuka? Ukaniambia unasimama siku nzima unapiga pasi. Ile kazi niliitia humo. Chakula chako cha kupiga pasi kimo ndani ya sahani yako tangu mwanzo. Ukikirudisha tena kwa saa, umekila mara mbili."

"Na kutembea?"

"Kutembea ni kweli kunachoma. Lakini kidogo kuliko watu wanavyodhani, na saa nyingi zinatia chumvi hata mtu akitembea kweli. Kwa hiyo usirudishe yote. Siku ukitembea kawaida, usirudishe kitu, sahani yako inatosha. Siku ukitembea sana, ukafika nyumbani unatetemeka, usilale hivyo. Kula kitu. Yai, kikombe cha maziwa, kipande cha mkate. Kiasi cha nusu ya unachodhani umechoma, au chini yake. Halafu tunaangalia mizani kwa wiki kadhaa, si kwa siku moja. Ukishuka polepole, tuko sawa. Ukikwama, tunapunguza. Ukishuka kwa kasi na kizunguzungu, tunaongeza."

"Hiyo ndiyo kanuni?"

"Sina kanuni nyingine. Ningekuwa nayo," alijigusa kitambi, "ningeanza hapa."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini mama, habari ya kukaa bila kula, hiyo iache leo. Daktari wa figo anataka mtoaji mwenye nguvu. Ukimletea mwili uliopungua kwa kudhoofika, atakukataa vilevile kama alivyokukataa kwa unene. Hapo utakuwa umeteseka bure, na mdogo wako bado yuko kwenye mashine."

Alirudi nyumbani kwa njia fupi.

Yaliyofuata hayana mengi ya kusimuliwa, na labda ndiyo maana yalikuwa magumu. Alikula alichopangiwa. Saa aliiacha kwa bintiye, aliyeipokea kwa aibu na kuiuza kwa mtu mwingine, mpishi wa mikate wa kukanda unga kwa mikono, jambo ambalo Mama Mvuke aliliombea msamaha kimoyomoyo kila alipopita kwenye tanuri la mtaa wao. Alitembea jioni. Siku nyingi alifika nyumbani akataka sana kula, akakaa na tamaa hiyo kama mtu anayekaa na mgeni asiyeaga. Alijifunza kuuliza tumbo badala ya simu, na tumbo nalo lilikuwa na uongo wake. Kuna jioni alimeza yai, akamshukuru Mungu. Kuna jioni alimeza mayai matatu na mkate, akalala akijilaumu, na kesho yake akaanza tena bila kujitangazia chochote.

Mizani ilishuka kwa namna isiyompendeza mtu. Robo. Nusu. Hakuna. Robo. Mara moja ilipanda, na muuguzi wa jiwe akafungua mdomo, akaufunga.

Kasuku aliacha mizaha kwa muda, kisha akarudi nayo. "Gauni linakuhama, shoga. Mwambie linakokwenda linichukue na mimi." Wakati wa chakula cha mchana, hata hivyo, alihamisha kiti chake, akala akiwa amempa mgongo, ili harufu ya sahani yake isimfikie.

Kwa Mziwanda alikwenda kila alipoweza. Mshipa wa mkono ulikuwa umekufa, sasa mashine ilimwingia kwa mpira uliochomekwa shingoni, umefungwa plasta nyeupe. Alizungumza kidogo. Siku moja alimshika dada yake kifundo cha mkono, akakizungusha kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akipima shingo ya mteja kabla ya kumfunga kitambaa.

"Unaisha, Dada."

"Naisha pale panapotakiwa."

"Unaniudhi. Mtu anataka kukuonea huruma, hata nafasi humpi."

Siku jiwe la mizani lilipotulia mahali palipotakiwa, muuguzi alilisukuma mara ya pili kuhakikisha, kisha akatoka nje ya chumba, akarudi na daktari wa figo mwenyewe. Daktari alisoma. Akamshika Mama Mvuke mkono, mikono yote miwili.

"Umefika, mama."

Alikuwa amejiandaa kwa siku hii. Alidhani atapiga vigelegele, au atalia, au atakwenda moja kwa moja kununua kitu chenye sukari. Alisimama tu juu ya chuma baridi, nyayo tupu, akisubiri furaha ije. Ilikuja nyembamba, kama mtu aliyetoka mbali kwa miguu.

"Tarehe, daktari?"

Daktari hakumwachia mikono. "Mdogo wako ameletwa leo asubuhi na homa. Ule mpira wa shingoni umeingiliwa na vijidudu. Hatuwezi kupandikiza kitu kwenye damu yenye homa. Tunampa dawa. Akisafishika, naweka tarehe siku hiyo hiyo, na wewe ndiye mtoaji, hilo sasa limeandikwa. Lakini kwa sasa," na hapo akatafuta neno, "kwa sasa naomba ubaki hapa hapa ulipo. Usipande."

"Kwa muda gani?"

"Wiki kadhaa. Sijui. Pengine zaidi."

Alikuwa ameupanda mlima akidhani kule juu kuna kiti. Aliinama akavaa viatu.

Wodi ilikuwa ghorofa ya tatu. Alipanda ngazi bila kupumzika, na katikati yake akagundua kwamba hakupumzika, akaona ajabu. Mziwanda alikuwa kitanda cha dirishani, midomo imemkauka, chupa ya dawa inadondoka juu yake. Alifungua macho aliposikia kiti kinavutwa.

"Mizani?" aliuliza.

"Nimepita."

Chozi lilimtoka upande mmoja tu, likaingia sikioni, naye hakuwa na nguvu ya kulifuta. "Umepita wewe, nimefeli mimi."

"Nani kakwambia umefeli? Una homa. Watu wanapata homa."

"Sasa utakaa na njaa yako mpaka lini?"

Mama Mvuke aliwaza swali hilo kwa haki. "Si njaa tena kama ile," alisema. "Ni kula kidogo tu. Nimezoea kiasi. Naweza kuendelea."

"Kweli, Dada?"

"Kweli. Nimechoka, sikufichi. Nimechoka sana. Lakini naweza kuendelea."

Alimtazama, akimpima kama ni maneno ya kumpoza mgonjwa. Kisha, polepole, kwa kujivuta, Mziwanda alisogeza miguu yake upande wa dirisha, akaacha nafasi ya kutosha kwenye godoro. Siku za nyuma isingetosha. Mama Mvuke alihama kutoka kwenye kiti, akaketi pale, mgongo kwenye chuma cha kitanda, na mkono mmoja juu ya miguu ya mdogo wake iliyokuwa na joto kali.

Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, muuguzi wa zamu alipita kitanda kwa kitanda akiwaaga watu na kukusanya viti. Alipofika dirishani alikuta wote wawili wamelala. Akakinyanyua kile kiti kitupu bila kukiburuta, akaenda zake.